Vitufe vinane vya kicheni pati

Napiga muziki hapa Tanga, na kazi zangu nyingi ni kicheni pati na sendofu. Kina mama wakishafunga mlango wa ukumbi hawataki kijana wa kiume asimame nyuma ya spika, kwa hiyo wananiita mimi. Nina laptopu, miksa ndogo ya chaneli mbili na spika mbili. Tangu mwaka jana nina pia kontrola ndogo ya pedi, yaani kibao cha vitufe vya kugonga kinachoiamuru laptopu, na dada wawili wameshaniuliza nimeichaguaje na nimeifungaje. Naandika hapa ili nikiulizwa tena niwape hii wasome.

Shida yangu ilianzia kwenye taarabu. Wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi. Kinanda kinaanza peke yake, gitaa linajibu, na mwimbaji anakuja baadaye sana. Ukumbini mambo hayasubiri hivyo. Somo akishamaliza kumsema mwali, MC anageuka, ananiangalia, na anataka kiitikio saa hiyohiyo maana wanawake wameshashika noti mkononi, wako tayari kutuza. Nilikuwa nakitafuta kiitikio kwa kidole kwenye laptopu, gizani, wimbi la sauti likinipita. Nikichelewa sekunde tano, waliosimama wanakaa. Mtu akishakaa, kumwinua tena ni kazi.

Nilichohitaji ni kitu cha kugonga bila kuangalia. Kontrola za DJ zenye sahani mbili ni nzuri, na kama huna miksa, nunua hiyo, tena ndogo yenye kadi ya sauti ndani yake, mfano Numark DJ2GO2 Touch, ili hedifoni zipate pa kuchomekwa. Kontrola ya pedi haitoi sauti yoyote. Inatuma namba tu kwenda kwenye kompyuta kwa lugha ya MIDI: kitufe gani kimegongwa na kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 127. Watu wengi wanainunua wakidhani watachomeka spika, wanakuta haina tundu.

Mimi miksa ninayo, kwa hiyo nililinganisha tatu. Korg nanoPAD2 ina vitufe 16 na kibao cha kutelezesha kidole, lakini haina nobu, yaani kirungu cha kuzungusha, hata moja. Launchpad Mini ina vitufe 64. Ni vidogo, vimebanana, na mimi nina vidole vinene na pete. Akai LPD8 ina vitufe vinane vya mpira, safu mbili za vinne vinne, na nobu nane kando. Nikaichukua hiyo LPD8, ya zamani, iliyotumika, kwa laki moja na ishirini. Haihitaji umeme wake, waya mmoja wa USB unatosha, na inaingia kwenye pochi yangu pamoja na khanga ya akiba.

Kabla ya kutoa hela nilikaa nayo nusu saa barazani kwa muuzaji, na nakuomba na wewe ufanye hivyo. Gonga kila kitufe kwa upole, pembeni siyo katikati, mara kumi kumi. Mpira uliochoka unapokea katikati tu. Zungusha kila nobu polepole ukiangalia namba kwenye skrini. Ikirukaruka, ndani kuna vumbi. Tikisa waya pale unapoingia kwenye kontrola. Kama laptopu inaipoteza, achana nayo hata ukipunguziwa bei.

Programu ninayotumia kupigia muziki ni Mixxx, ambayo ni ya bure kabisa. Ndani yake kuna deki mbili, kila moja inacheza wimbo wake. Nimeiweka ifanye kazi na miksa ya nje: deki ya kwanza inatokea kwenye tundu la hedifoni la laptopu na kuingia chaneli ya kwanza ya miksa, deki ya pili inatokea kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB na kuingia chaneli ya pili. Sauti naipandisha na kuishusha kwa miksa yenyewe, hedifoni ziko kwenye miksa, kontrola haihusiki. Kadi mbili tofauti zikifanya kazi pamoja, sauti inaweza kukwaruza. Yangu ilitulia nilipoongeza muda wa bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuitoa, hadi milisekunde 23. Kwa kugonga alama ya wimbo, yaani mahali nilipopaweka ili wimbo uruke hadi hapo, sikio langu halisikii ucheleweshaji huo. Kama ungepiga ngoma kwa vidole, ungeusikia.

Kufundisha vitufe ni kazi ya jioni moja. Kwenye mipangilio ya kontrola, Mixxx ina hali ya kujifunza: unabofya kitu kwenye skrini, unagonga kitufe unachotaka kikifanye, unaendelea na kingine. Safu ya chini niliipa deki ya kwanza, ya juu deki ya pili. Katika kila safu, kitufe cha kwanza ni pale mdundo unapoingia, cha pili ni mwimbaji anapofungua mdomo, cha tatu ni kiitikio, cha nne ni kipande cha kinanda kinachojirudia hadi MC amalize kusema. Mpangilio ni huohuo kwa kila wimbo nilionao. Hapa ndipo penye kazi, siyo kwenye kununua. Nilikaa karibu wiki mbili, kila usiku mwanangu akishalala, nikiweka alama wimbo mmoja mmoja. Sasa kidole cha tatu kikishuka najua ni kiitikio, uwe wimbo wowote.

Nobu nimezitumia nne tu: mbili za kichujio cha kukata besi au sauti za juu, mbili za kusawazisha nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti ndogo. Nyingine sijazipa kazi, ili nikizigusa gizani pasiharibike kitu. Hizo za sauti ziwekee ule mpangilio unaoifanya nobu isishike hadi ifikie pale ilipo thamani ya kwenye skrini. Bila hivyo, ukiigusa kidogo tu, sauti inaruka ghafla na spika inapiga kelele masikioni mwa bibi harusi.

Sasa kuna jambo lililonisumbua mwezi mzima. Nilikuwa naweka alama sawasawa pale mwimbaji anapoanza, lakini nikigonga, wimbo unaingia nusu neno mbele au nyuma. Nilidhani kontrola ni mbovu. Kumbe Mixxx ilikuwa inavuta kila alama hadi kwenye pigo la karibu. Kwa nyimbo za mashine hilo ni jema. Taarabu iliyopigwa na watu inapumua, inakaza kwenye kiitikio na kulegea kwenye kinanda, kwa hiyo gridi ya mapigo inayokisiwa na kompyuta haikai juu yake. Nilizima uvutaji huo kwenye deki zote mbili, nikaweka alama upya kwa sikio, na mambo yakakaa. Singeli ni kinyume chake: pigo halitikisiki, ila linakimbia sana, na kompyuta mara nyingi inaandika nusu ya kasi. Ukiona singeli imeandikwa 120, iongeze mara mbili kabla ya kuweka alama yoyote.

Na sendofu moja, pale Ngamiani, nilitoka nikilia. Kitufe cha kiitikio kilikuwa kinaitika mara moja, kinakataa, kinaitika, kinakataa. MC alinyoosha mkono, nikagonga, kimya. Nikagonga tena, kiitikio kikaingia wakati yeye ameshaanza kusema maneno mengine. Shangazi wa bibi harusi akanigeukia mbele ya ukumbi mzima. Usiku huohuo nikafungua programu ya kuhariri mipangilio ya LPD8 na kukuta aliyeitumia kabla yangu aliviweka vitufe viwe vya kuwasha na kuzima, kama swichi ya taa: kugonga kwa kwanza kunawasha, kwa pili kunazima, na Mixxx haifanyi chochote kwa kule kuzima. Nilivibadilisha vyote vinane viwe vya kubonyeza na kuachia, nikauhifadhi mpangilio huo kwenye nafasi zote nne za kumbukumbu za kontrola. Ukinunua iliyotumika, anzia hapo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kicheni pati. Vitufe vyangu nimevibandika vipande vya utepe wa rangi, chekundu ni kiitikio. Mwali alikuwa mlangoni amefunikwa khanga, mama yake mkubwa amemshika mkono, na kile kipande cha kinanda kikizunguka na kuzunguka kwenye kitufe cha nne. Somo akasema neno lake la mwisho. Vigelegele vikaanza, mguu wa mwali ukavuka kizingiti, na mimi nilikuwa namtazama yeye, siyo laptopu, kidole kiliposhuka kwenye chekundu.