Servisi yangu ya volebo ilikuwa inabakia kwenye file, ona venye nilitengeneza

Bandugu, leo niko na furaha ya kweli. Miezi mbili mizima hapa Goma, kwenye tere yetu ya Himbi, servisi yangu ya juu ilikuwa inagonga file (ule wavu wa katikati) ao inatoka inje, na file yetu ya wanawake iko 2.24 m tu, haiko ile ya wanaume ya 2.43.

Nilijaribu kupiga na nguvu mingi, bega ikaniuma bure. Nikafanya pompe kila asubui, hakuna kitu.

Kumbe shida haikuwa mukono wa kupiga, ilikuwa ule wa kushoto wenye kurusha! Balo ilikuwa inapanda sana na kuenda nyuma ya kichwa, sasa napiga nikiwa nimejipinda. Dada mwenye anatufundisha akaniambia rusha tu, usipige, acha ianguke, angalia fasi inaangukia. Inapaswa kuangukia mbele kidogo ya muguu wa kushoto, sawasawa na bega ya kuume. Yangu ilikuwa inaangukia nyuma ya kisigino! Nikarudilia ile mara 50 kila mangaribi, balo ikipita kidogo tu fasi mukono unafika, kisha ndio nikaanza kupiga, kiwiko juu, kiganja kigumu.

Jana servisi 8 juu ya 10 zilivuka, toka nyuma ya mustari, 9 m nzima. Na usikimbilie, kisha filimbi uko na sekunde 8, pumua kwanza. Mwenye anapigaka na kushoto, ageuze tu miguu, mikono na bega.