Mazoezi kabla ya Bayreuth
Jana jioni tulikaa wanne, projekta moja na chupa ya chai, tukamsikiliza mwenzetu anayejiandaa kwenda Kongamano la Kiswahili kule Bayreuth, Ujerumani, mada yake Kikae, yaani lahaja ya Makunduchi kusini mwa Unguja. Tukampa dakika 20. Zikaisha bado yuko kwenye historia ya tafiti zilizotangulia, data yenyewe hata hajaigusa!

Tukamwambia ukweli, slaidi 31 zibaki 12, anza na sauti ya yule bibi uliyemrekodi watu waisikie lahaja kwanza, nadharia ndo ifuate. Akarudia, dakika 18, nikasisimka kabisa.

Inaniuma sana maana wengi hatupati hii nafasi ya kufanya mazoezi kwanza, mtu ana kazi ya miaka mitatu anasimama anasoma slaidi neno kwa neno mpaka mwenyekiti anamkatisha. Na maswali jamani, hayo ndo ya kufanyia mazoezi zaidi. Mmoja wetu alimuuliza, "umehoji watu wangapi, na kwa nini hao?" Akakwama. Bora kakwama kwetu.

Alhamisi tunarudia, tumemwalika na rafiki yetu wa kemia asiyejua isimu kabisa, tuone ataelewa wapi na atapotea wapi.