Pondicherry kwa siku moja, bila gari la kukodi

Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni hapa Chennai, kusini mwa India, aliniambia, "Dada, bila gari la kukodi na hoteli ya siku mbili, Pondicherry usijisumbue." Nikamwamini muhula mzima. Ushauri ule bado unanikera, kwa sababu mji wenyewe, ambao tangu 2006 jina lake rasmi ni Puducherry, uko kilomita kama 150 tu kusini. Hoteli ndiyo ingenichosha zaidi: mgeni asiye raia hujaziwa fomu ya serikali, pasipoti na viza vinatolewa nakala, na wenye nyumba ndogo za wageni wengine wanakukataa ili kukwepa usumbufu. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo, hayo yote hayakuhusu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilidandia basi la kwanza nililoona lina jina la mji, likapitia Tindivanam. Barabara ile ni ya bara, bahari sikuiona hata kidogo, na jua la utosi lilinikuta bado njiani. Nilipofika tu nikachukua bajaji hadi Arikamedu, mahali palipokuwa na bandari ya kale, kando ya mto Ariyankuppam.

Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye habari za majahazi. Nilikuwa nimesoma kwamba mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 unaitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu, na humohumo unaitaja Poduke, ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na Arikamedu. Nilitaka kusimama pale kwa miguu yangu. Dereva akanishusha kwenye miembe, akanionyesha nguzo za matofali zilizobomoka na kusema kwa fahari, "Roman!" Nikapiga picha mpaka simu ikalia chaji. Jioni ndipo nikajua zile ni mabaki ya nyumba ya wamisionari Wafaransa, karne ya 18. Mashimo aliyochimba mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler mwaka 1945 yalishafukiwa, na vilivyofukuliwa, kumbe vingine viko kwenye makumbusho mjini. Nikakimbilia huko. Jumatatu, pamefungwa. Nilikaa ufukweni karibu na sanamu ya Gandhi nikiwa na uchungu wa kweli.

Basi sikiliza nilivyofanya mara ya pili. Jumamosi, alfajiri ya saa kumi na moja nilikuwa stendi. Kila konda nilimuuliza neno moja tu, "ECR?", yaani barabara ya pwani, na aliyetikisa kichwa kwa namna ya huku, hujui ni ndiyo au hapana, nikamuuliza tena. Nauli mia na kitu, mia mbili za rupia hazikufika. Nikakaa kushoto, upande wa bahari.

Makumbusho kwanza. Vipande vya mitungi iliyoleta divai kutoka Mediterania, vigae, na shanga ndogondogo za kioo na mawe. Mbele ya zile shanga nilisimama muda mrefu, maana shanga za kioo za India zimefukuliwa pia kwetu, pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya hapo ndipo nikarudi Arikamedu, na safari hii nilijua ninachotazama.

Baiskeli nilikodi Mission Street. Mwenye duka alitaka pasipoti iwe rehani. Nikakataa, nikaacha pesa kidogo na nakala. Msiache pasipoti kwa mtu yeyote.

Wafaransa walikuwa hapa tangu 1674 hadi walipokabidhi utawala kwa India mwaka 1954, na polisi bado wanavaa kofia nyekundu za Kifaransa. Kila mtu atakutuma upande wa Wafaransa, ng'ambo ya mfereji, kwenye kuta za njano na mtaa wa Rue Dumas. Nenda, ni pazuri. Ila mimi moyo wangu ulibaki upande wa Watamil, wenyeji wa huku, mtaa wa Vysial. Nyumba za zamani zina kibaraza cha kukalia mbele ya mlango, wanakiita thinnai, chenye nguzo za mbao, mpita njia anakaa kivulini. Ni baraza! Ni baraza zetu za Pangani kabisa. Mama mmoja mzee aliniona nimeshangaa, akapigapiga sakafu kwa kiganja nikae. Nikamwita "amma", ndivyo wanavyowaita kina mama, akaniletea maji kwenye kikombe cha chuma. Hakuna lugha tuliyoelewana, tukakaa tu, kama nilivyokuwa nikikaa na bibi alasiri.

Niliondoka saa kumi na nusu, giza lisinikute barabarani mapema. Kurudi, kaa kulia.