Kisutu kiligeuka buluu: nilivyokuza kanda ya harusi ya dada

Harusi ya dada ilipigwa Tanga mwaka 2004 kwa kamera ya MiniDV, ya kanda ndogo za kidijitali. Picha ni pikseli 720 kwa 576, na kwenye televisheni za leo unaitazama kama uko ndani ya chandarua. Nikaamua kuikuza hadi mistari 1080 kabla kanda haijaoza.

Kwanza niliondoa mistari inayopishana (kamera hizo hupiga kila picha kwa nusu mbili za mistari) kwa bwdif, filta ya FFmpeg, programu ya kuchakata video. Kisha FFmpeg ikatoa fremu moja moja, skripti yangu ya Python ikazipitisha kwenye modeli ya kukuza picha, OpenCV, maktaba ya kushughulikia picha, ikaziandika diskini. Kompyuta ilikesha. Asubuhi nafungua fremu ya kwanza, namwona dada amejitanda kisutu cha buluu!

Kisutu, kanga ya bibi harusi, ni chekundu, cheusi na cheupe, hilo halina mjadala. Nyeusi na nyeupe zilikuwa salama, nyekundu tu ndiyo iliyohama, na hapo nikajua chaneli za rangi zimepishana. Modeli yangu hutoa nyekundu, kijani, buluu. OpenCV huandika ikichukulia kwamba ya kwanza ni buluu. Mstari mmoja wa kugeuza mpangilio ukatosha.

Lakini nyekundu iliyorudi sikuiamini. Nikamwomba mama atoe kisutu chenyewe sandukuni, bado kinanukia udi, nikakitandaza kando ya skrini. Cha kwenye video kilikuwa kimeegemea rangi ya machungwa, na majani ya mwembe nyuma ya dada yalikuwa yamekolea giza. Nilizifungua fremu zenyewe: ziko sawa kabisa. Kwa hiyo rangi ilikuwa inaharibikia mwishoni, fremu zinapounganishwa kuwa video.

Video haihifadhi nyekundu, kijani na buluu. Huhifadhi mwanga peke yake, na tofauti mbili za rangi pembeni, kwa hesabu maalumu. FFmpeg yangu, kwa kuwa sikuiagiza, ilitumia hesabu ya BT.601, ya picha ndogo za zamani. Kicheza video kikaona mistari 1080 bila lebo ya kutaja hesabu iliyotumika, kikafungua kwa BT.709, hesabu ya picha kubwa za HD. Siku tatu nilizunguka hapo. Katika kuhangaika nikaandika hata thamani za mwanga za 0 hadi 255 mahali pa 16 hadi 235 ambazo kicheza video kilizitarajia, mikunjo yote ya buibui la bibi ikamezwa na weusi.

Dawa ilikuwa kuiandikia FFmpeg scale=out_color_matrix=bt709:out_range=tv (yaani hesabu ya BT.709, thamani 16 hadi 235), kisha kuweka lebo ya bt709 ndani ya faili kwa -colorspace. Upana niliufanya 1440, maana pikseli za kanda hizo si mraba. Ukiacha hivyo nyuso zinavimba au kukonda.

Nikaunganisha upya, nikamwita mama. Alishika pindo la kisutu, akaangalia skrini, akaangalia pindo tena. “Ndicho hiki,” akasema, “hebu rudisha pale shangazi yako anapompaka hina.”