Nilivyopambana na kuchemsha kwa injini ya Subaru kwenye ndege ninayounda hapa Mwanza

Mwaka wa nne huu naunda ndege ndogo ya viti viwili uani kwangu Buswelu, fremu ya bomba na kitambaa, na injini niliyoweka ni EJ20 ya Subaru Impreza, ile isiyo na tabo, nimeitoa kwenye gari lililopinduka. Haijaruka bado, vibali vinafuata utaratibu wake na sitaki kuruka hatua hata moja, ila injini inawaka na propela inazunguka, na kitu kilichonikosesha usingizi kuliko vyote ni kuipoza.

Mtu anakwambia mbona kwenye gari ilikuwa haichemshi. Sasa gari likitoka hapa kwenda Shinyanga muda mwingi injini inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, unakanyaga mpaka mwisho ukiwa unapita lori basi, unaachia. Ndege ikipaa inataka nguvu zote, ikifika juu bado inakula kama asilimia 70 na inakaa hapohapo saa nzima. Na kwenye petroli unayochoma, kwa makadirio theluthi moja ndo inakuwa kazi, theluthi inatoka na moshi, theluthi inaingia kwenye maji, kwa hiyo ukiongeza nguvu na joto la kutoa linaongezeka hivyohivyo.

Mara ya kwanza nilisimamisha rejeta ya gari mbele kabisa nyuma ya propela, nikijua upepo wa propela utaimaliza kazi. Tukafunga mkia kwenye mti kwa mnyororo, nikapandisha mizunguko, dakika ya sita mvuke ukatoka. Kumbe propela pale katikati karibu na kitovu haisukumi hewa ya maana, upepo wa maana uko nje huko kuelekea kwenye ncha, na rejeta yangu ilikuwa imekaa pale palipokufa.

Nikaihamishia tumboni, ndani ya mfereji wa bati la alumini, mdomo mwembamba mbele, unapanuka hadi kwenye rejeta halafu unabana tena nyuma. Mpangilio huo si wangu, ndege ya vita ya Wamarekani P-51 Mustang ilibeba rejeta tumboni namna hiyo. Hewa ikiingia mahali panapopanuka inapunguza mwendo na presha inapanda, hiyo presha ndo inaipenyeza kwenye mapezi ya rejeta. Lakini inataka ipanuke polepole, mimi nilikuwa nimepanua ghafla kwa sababu ya kubana nafasi, hewa ikawa inaachia ukuta na kujizungusha humo ndani.

Nilijuaje? Mpira wa dripu wa duka la dawa. Niliukunja kama herufi U, nikatia maji yenye rangi ya juisi, ncha moja nikaiingiza ndani ya mfereji mbele ya rejeta na nyingine nikaiacha mahali pasipopigwa na upepo, mfereji wote tukaufunga juu ya pikapu, asubuhi na mapema barabara ya Kisesa, kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo, upepo ukisimamishwa wote mle ndani ya mfereji unatakiwa kuinua maji kama milimita 27. Mpwa wangu akasoma 11. Nikarudi nikarefusha mfereji, nikalainisha kona, nikaziba pembeni ya rejeta pote kwa sponji na silikoni maana hewa ikiona upenyo wa kuzunguka haihangaiki kupita kwenye mapezi. Tukarudi barabarani, 21. Siku ile nilifurahi sana, nasema kweli.

Sasa hapo nikajua nimemaliza, kumbe bado. Tukawasha tena, geji ya joto la maji ikapanda nyuzi 85, 90, 98, halafu ghafla ikashuka mpaka 70. Mpwa akashangilia. Jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo kwenye meli za ziwani miaka mingi, akainuka kwenye stuli akapiga kelele "Zima! Zima sasa hivi!" Nikazima. Nikamuuliza mzee kulikoni mbona inapoa, akasema "Mwanangu, hiyo geji haina maji, inapima mvuke." Na kweli. Rejeta iko tumboni, kwa hiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo imekuwa lile bomba la maji linalounganisha pande mbili za injini, hewa yote inakimbilia pale na haina pa kutokea, na sensa yangu iko palepale. Tungeendelea dakika mbili tu silinda hedi zimepinda.

Dawa yake nikachomelea tenki dogo la alumini la lita moja, likakaa juu kuliko kila kitu, mfuniko wa presha ukahamia huko, halafu nikavuta vipira vyembamba kutoka kwenye lile bomba na kutoka juu ya rejeta vikirudisha hewa kwenye tenki. Mfuniko msiuchukulie poa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, ila mfuniko wa presha ya bar 0.9 ukiwa mzima unayasogeza mpaka zaidi ya 115.

Jambo lingine ni themostati, kile kifaa kinachofungulia maji ya rejeta injini ikipata moto. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa, mimi niliiacha ila nikafanya kosa la kuziba mipira ya hita kwa kuwa ndege haina hita. Kwenye EJ themostati iko chini, upande wa maji yanayoingia wota pampu, na maji ya moto yanaifikia kwa kupitia njia ya hita. Ukiziba haijui kama injini imepata moto, inachelewa kufunguka. Nikaiunganisha ile mipira ikawa mzunguko, tatizo likaisha.

Jumamosi iliyopita tumeikimbiza mizunguko 4,800 kwa dakika, kwa muda wa dakika 25, geji imekaa 93 haitikisiki. Mzee akashika bomba la kuingia rejeta akaachia haraka, akashika la kutokea akatulia nalo, akatikisa kichwa kukubali.

Kilichobaki ni wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi. Jana nimekuta wamejaa kwenye mapezi kama uji uliokauka, nimewatoa kwa maji na brashi laini, na sasa natengeneza wavu wa kuchomoa pale mdomoni, halafu ule mpira wa dripu unarudi tena barabarani kupima wavu unakula milimita ngapi.