Kadhanie gari lako

Leo siku ya nne na bado nalisikia. Nikiosha vyombo nalisikia. Nikijaza fomu za mizigo nalisikia, mpaka jana nikaandika tani 82 badala ya 28 na dereva akanitazama kama nimerogwa. Si neno la mtu mwingine. Ni langu, kwa sauti yangu: "Basi kadhanie gari lako!"

Na niliyemwambia ni Kitinda, mdogo wangu. Mtu ambaye hana hata baiskeli.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mpakani Malaba, malori yamepanga foleni hata mwisho wake huuoni. Gari langu, Spacio lenye namba ya UAX, likazimika kwa mara ya tatu. Nyuma lori la kontena linapiga honi, kando kijana wa bodaboda anacheka bila kujificha. Nikampigia Kitinda simu Kampala, mkono mmoja nimeung'ang'aniza kwenye usukani kana kwamba gari lingetoroka.

"Nani alikutuma uguse gari yangu?"

Kimya. Nyuma yake nasikia nyundo za mafundi wa soko la Kiseka.

"Nilidhani itakufaa, dada."

"Basi kadhanie gari lako!"

"Sawa, dada."

Hiyo "sawa" ndiyo inayonikosesha usingizi. Nimeigeuza kila upande. Ya hasira haikuwa. Ya dharau, hapana, Kitinda hana dharau. Tangu utotoni, akichapwa kwa kosa la mwingine (mara nyingi kosa langu, Mama anajua) alikuwa akinyamaza vivyo hivyo, anafuta pua, anaendelea na alichokuwa akifanya.

Mnakumbuka mwezi wa tatu nililalamika hapa kwamba Spacio limekuwa zito, nikimpakia Mama na magunia yake linapanda kilima likihema kama bibi harusi aliyefungwa mkanda? Kitinda alisoma. Hakuandika kitu. Idi ilipofika akashuka kwenye basi na boksi kwapani: bomba la aluminiamu la kuingizia hewa, linalong'aa mpaka unajiona meno, na chujio jekundu lenye umbo la koni, la pamba iliyotiwa mafuta. Mshahara wa wiki ngapi ule, sikuuliza. Alilifunga mwenyewe uani, watoto wamemzunguka, akaliondoa boksi jeusi la chujio la kiwandani. "Dada, sasa itapumua."

Na lilivuma kweli. Baba Swabra akasema anaona haya kwenda nalo msikitini.

Wiki ya pili sailensa, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, ikaanza kupanda na kushuka, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano wa wazazi. Ikawaka taa ya injini. Fundi wa kwanza akasema plagi. Nikanunua nne, hakuna kilichobadilika. Wa pili akasema petroli chafu, akaimwaga, nikajaza upya. Wa tatu akaosha throto, mlango wa hewa ya injini. Wote watatu walipofungua boneti walilisifia lile bomba, mmoja akaliuliza bei, kisha wakatafuta ubaya kwingine.

Jumatatu hiyo nikavutwa kwa kamba hadi Tororo, kwa Mzee wa karibu na reli, yule asiyeshika spana kabla ya chai. Akachomeka kidude chini ya usukani, simu yake ikatoa namba ya kosa, P0171. "Hewa nyingi, mafuta kidogo," akasema. Nikamwambia si ndiyo tulichotaka, gari lipumue? Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Alivyonieleza, na nilimfanya arudie: ndani ya sensa ya hewa mna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Kompyuta inapima umeme unaohitajika kuurudishia moto wake, hapo inajua hewa ya uzito gani imeingia, ndipo inapima petroli, kilo moja kwa kama kilo 14.7 za hewa. Lakini hesabu hiyo ilipigwa kwa upana wa boksi la kiwandani. Bomba la Kitinda, ambamo sensa sasa imekaa, ni pana zaidi. Mto Malaba ukifika palipo pana maji huenda polepole ingawa ni yale yale. Hewa nayo ikipita polepole uzi haupoi sana, sensa inasema imeingia kidogo, na petroli inapunjwa. Juu ya hayo, mafuta ya ile pamba yalikuwa yameupaka uzi wenyewe. Alinimulikia tochi nikauona, una utando kama sufuria ya mandazi.

Akaniambia nikanyage, mshale ufike mizunguko 2,500 kwa dakika, nishikilie. Kwenye simu, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 24 kufidia upungufu. "Ingekuwa mpira umepasuka mahali, ukikanyaga namba hii ingeshuka, maana tundu ni lile lile na hewa ya mlango mkuu imezidi. Haishuki. Sensa inadanganywa."

Akapulizia dawa kwenye maungio yote kusikiliza kama mngurumo utabadilika. Haukubadilika. Ndipo akauliza, "Nani alifunga?"

"Mdogo wangu."

"Kafunga vizuri. Tazama klipu zake. Wengine hufunga kwa waya. Mkono wake msafi, ila kitu chenyewe si cha gari hii."

Nilitazama pembeni, nikajifanya natafuta simu.

"Boksi la zamani lipo?" Nikasema litakuwa limeshatupwa, na nilivyosema nilikuwa na hasira bado, nataka kuwa na hasira. Nyumbani Swabra akaniambia, "Mjomba aliliweka juu ya kabati." Limo ndani ya gunia la sukari, limefutwa. Skrubu zote kwenye kimfuko cha plastiki kilichofungwa fundo. Juu yake karatasi ya daftari: *Dada, usitupe.*

Nikakaa kitandani na lile boksi mapajani.

Yaliyobaki yalichukua chini ya saa moja. Mzee aliusafisha uzi kwa dawa yake maalumu, bila kuugusa kwa kidole wala kitambaa, akarudisha boksi, akafuta ile alama ya kosa, akachomoa betri kwa muda ili kompyuta isahau mazoea mabaya. Sailensa imetulia. Ile 24 imekuwa 3. Kilima bado kinalishinda, lakini hilo tulilijua tangu mwanzo.

Wiki hii pia mkuu wetu wa kazini kahamishiwa mpaka wa Mutukula, na binti wa shangazi kaposwa Jumatano, mahari imekubalika. Nilivaa gomesi, nikapiga vigelegele.

Jana usiku nikampigia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu magharibi, mpaka nimeyaandika nyuma ya risiti. Akaniwahi.

"Gari inaendeleaje?"

"Imepona."

"Mlirudisha boksi?"

"Tulirudisha."

"Sawa." Halafu: "Lile bomba usiuze, dada. Nitakuja kulichukua."

"La nini?"

"La gari langu."

Mtandao ukakatika, au salio lake lilikwisha, na sijui kama alikuwa anacheka. Nimelirudia kichwani pengine mara hamsini. Mara nyingine nasikia kicheko. Kitinda, kama unasoma, na najua unasoma: nimelifuta mafuta, lipo kwenye gunia lile lile la sukari.

Jirani wa juu ameanza kuchimba choo. Nimetoka alfajiri kabla hajaamka, nikahesabu hatua toka shimo lake hadi kisima chetu. Kumi na nane. Za kwangu ni fupi, lakini hata zingekuwa ndefu. Wanasema mita 30, na yeye yuko upande wa juu, mvua ndiyo hizo zinaanza. Baba Swabra anasema tumwendee kwa upole. Sijui nitaanzaje.