Siku moja bandani kwangu Moshi: mkao kwanza, spana baadaye

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi, nyeupe. Ikifika saa nne mawingu yatakuwa yameshaifunika, kwa hiyo huwa naitazama vizuri kabla sijafungua banda langu la kutengeneza pikipiki hapa Majengo. Dogo ninayemfundisha kazi keshafika, anafagia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Lile tenki la mzee vipi?"

Tenki ni la Honda XL125S ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mali ya mwalimu mstaafu wa Marangu. Pikipiki ilikaa stoo zaidi ya miaka kumi, imeegemezwa kwenye magunia. Tenki tumeliloweka siki siku mbili, tukatia na kokoto ndogo za kukwangua kutu tukilitikisa. Leo tunamwaga, na kinachotoka ni kizito na chekundu kama uji wa ulezi. Baada ya hapo ni maji ya magadi. Mafundi wengi huruka hatua hii, na hapo ndipo wanapoharibu kazi, maana ukali wa siki ukibaki ndani unaendelea kula bati na kutu inarudi upesi. Magadi huuvunja. Kisha maji safi, kisha jua.

Saa mbili. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kazi hii naipenda kuliko zote. Petroli iliyolala miaka hugeuka utomvu, na utomvu huo hupenda kuziba jeti ile ndogo ya sailensa, kipande kinachopitisha petroli injini inaponguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta. Tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Dogo akanyoosha mkono kuchukua waya wa chuma, nikamzuia. Chuma hupanua tundu, na likishapanuka pikipiki itakunywa mafuta mpaka mwenyewe aichukie. Tukachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, tukaupitisha polepole, tukapuliza. Nikampa jeti ailenge juani. "Unaona nini?" Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nukta ya mwanga, ya duara kabisa." Basi hiyo imepona.

Saa nne na nusu. Akaja kijana na CG125 yake. Hii ni pikipiki ninayoiheshimu sana. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako chombo kinabeba mzigo mkubwa na kinahudumiwa kwa nadra. Valvu zake, yaani milango ya injini ya kuingiza hewa na kutoa moshi, husukumwa na vijiti, haina cheni ya taimingi ndani ya injini ya kulegea. Pikipiki nyingi za Kichina zilifuata muundo huo, ndiyo maana baadhi ya vipuri huingiliana.

Kijana anataka tukate fremu nyuma, tuweke kiti kifupi na usukani wa chini, ule mtindo wa kulalia tenki. Ameuona kwenye simu. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu kabla sijashika spana: "Unaishi wapi, na nyuma unambeba nani?" Anaishi Kibosho, juu mlimani. Jumapili humbeba mama yake kwenda kanisani.

Nikamwelezea mtindo huo ulikotoka. Ni vijana wa Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, wakikimbizana kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine, kama ule wa Ace Cafe pale London. Barabara zao zilikuwa za lami, na mwendo ukiwa mkali upepo hukusukuma kifuani, viganja vikapumzika. Ukishuka Kibosho kwa mwendo wa taratibu hakuna upepo wa kukubeba. Uzito wote unaangukia viganjani na kwenye tairi la mbele. Mimi nilishusha usukani wangu hivyo mwaka 2014, nikateremka Uru wakati wa kiangazi. Kwenye kona yenye vumbi tairi la mbele likaondoka. Nilimwonyesha kovu la kiwiko.

Sikumkatalia, chombo ni chake. Nilimwambia tusikate kitu kwanza. Tumeufungua usukani wake wa kawaida, tukaugeuza juu chini, tukaufunga. Aende nao hivyo wiki nzima, panda shuka, kisha aje tuzungumze.

Saa saba. Mtori kwa mama lishe, kazini tena.

Saa nane. Plagi ya XL. Nikaisafisha, nikapima mwanya wake kwa geji. Tukafunga tenki, tukatia mafuta, nikapiga kiki. Kiki ya saba ikakohoa. Ya tisa ikashika, ikatulia sailensa bila kuguswa. Dogo alirukaruka, na mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Saa tisa na nusu. Nikaipandisha Marangu mwenyewe, mpaka Himo, kisha kushoto juu mlimani. Moshi mjini ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na geti la Marangu linapita mita 1,800. Huko hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa mjini inazidisha mafuta. Nilipofungua plagi kwa mzee ilikuwa nyeusi tii. Nikashusha sindano ya kabureta hatua moja ili mafuta yapungue, injini ikapata pumzi.

Mzee akazunguka pikipiki mara mbili bila kusema neno. Akapanda, akakunja uso.

"Mwanangu, mabega hayanyanyuki tena kama zamani."

Nikalegeza boliti nne, nikaurudisha usukani kwake upana wa vidole viwili. Akajaribu, akaniomba niurudishe kidogo tena. Nikakaza. Akapiga kiki mwenyewe, akaingia ile njia ya mawe inayopanda nyuma ya migomba yake, na alipofika penye mawe makubwa akasimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, kama alivyozoea zamani.

Nilisubiri mpaka niliposikia anarudi, ndipo nikatembea kwenda kutafuta Hiace ya kushuka.